Je, Wajua? Kasi Huanzia Kwenye Mchakamchaka

Je, wajua kwamba siku Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kila kilomita ilimchukua dakika 2 na sekunde 50 hivi? Muda ule haukuingizwa kwenye rekodi rasmi, kwa kuwa waweka kasi walikuwa wakipokezana njia nzima, lakini miguu ilikuwa yake. Sasa msimamishe kando yake mtu anayeanza mazoezi, mwenye mwendo wa dakika 7 kwa kilomita. Akizunguka uwanja wa mita 400 mara moja, saa yake itasoma dakika 2 na sekunde 48. Wewe mzunguko mmoja, bingwa karibu miwili na nusu.

Tumwache kidogo, tufanye hesabu za kwetu. Dakika 7 kwa kilomita zinakumalizia nusu marathoni kwa 2:27:41. Ukifika 6:30 unamaliza kwa 2:17:08. Ukifika 6:00 ni 2:06:35. Anayetaka kuingia chini ya saa mbili atafute 5:41. Kila nusu dakika unayoipunguza kwenye kilomita moja inakuokolea dakika kumi na nusu kwenye utepe, na hiyo si kazi ya wiki tatu.

Je, wajua kwamba kifaa bora cha kupimia mwendo wa mazoezi hakiuzwi dukani? Aliyesoma shule ya msingi Tanzania alikabidhiwa bure, alfajiri, pengine bila viatu. Ni mchakamchaka. Kundi linakimbia huku linaimba, na kiongozi akizidisha mwendo nyimbo zinakatika, kwa hiyo kundi zima linajirudisha lenyewe kwenye mwendo ambao pumzi zinatosha. Wataalamu wa mazoezi hupima vivyo hivyo: kama unaweza kusema sentensi nzima bila kutweta, hapo unakimbia mbio nyepesi. Kama unajibu kwa neno mojamoja, umeshavuka.

Na hapo kwenye mbio nyepesi ndipo kasi inapojengwa, jambo ambalo wanaoanza hawalipendi hata kidogo. Katika mwendo wa kuimba moyo hujaa vizuri na kujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mishipa midogo ya kapilari huongezeka ndani ya misuli. Mitokondria, zile sehemu za seli zinazogeuza chakula kuwa nguvu, huongezeka pia. Mwili hujizoeza kutumia mafuta na kuitunza sukari kwa ajili ya kilomita za mwisho. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai uteseke. Yanachodai ni muda mrefu barabarani, wiki baada ya wiki, na muda mrefu huwezi kuupata kama kila siku unarudi nyumbani umeishiwa.

Je, wajua wanariadha wakubwa hukimbia mbio nyepesi mara ngapi? Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, alipochambua mazoezi ya mabingwa wa michezo ya ustahimilivu alikuta takriban vipindi vinne kati ya vitano ni vyepesi. Kipindi kimoja tu ndicho kigumu, na hicho ni kigumu kwelikweli. Anayeanza hufanya kinyume. Siku zote tano anakimbia mwendo wa katikati, mzito mno kwa kujenga, mwepesi mno kwa kumfundisha kasi. Baada ya miezi miwili anashangaa mbona saa yake inasoma namba zilezile.

Kambini Kaptagat, Kenya, kwa kocha Patrick Sang, wiki ya Kipchoge ilijulikana kwa mpangilio wake: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi fatleki, ambayo nitaieleza mbele. Asubuhi na jioni zilizobaki, mwendo ni wa upole, na huanza taratibu kiasi kwamba mgeni hudhani wamechoka.

Je, wajua kwamba mwili wako hauboreki wote kwa pamoja? Maji ya damu huongezeka ndani ya wiki mbili za kwanza za mazoezi, ndiyo maana kufikia wiki ya tatu pumzi inakuja vizuri na mtu anajiona amefika. Kano na mifupa bado. Hivyo viwili vinahitaji miezi. Pengo hilo kati ya mapafu yaliyo tayari na ugoko usio tayari ndilo linalowalaza wengi, na maumivu huanza pale mbele ya mguu, chini ya goti, siku chache baada ya mtu kuamua kwamba sasa anaweza kuongeza mbio mara mbili. Ongeza kilomita kidogokidogo, na kila wiki ya nne zipunguze. Usiongeze umbali na kasi katika wiki moja.

Kutembea katikati ya mbio si aibu. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, aliwafundisha wanaoanza kukimbia dakika kadhaa na kutembea dakika moja tangu mwanzo wa mbio, kabla hawajachoka. Wengi wao humaliza mapema kuliko wangemaliza kwa kukimbia mpaka miguu igome na kutembea kwa lazima.

Je, wajua fatleki ilizaliwa kwa sababu ya kushindwa? Miaka ya 1930 Wasweden walikuwa wamechoka kuangalia visigino vya Wafini, akina Paavo Nurmi, na kocha Gösta Holmér akabuni mazoezi ya kuchanganya kasi na upole ndani ya mbio moja, porini, bila uwanja. Huku kwetu nguzo za umeme zinatosha. Kimbia kwa nguvu kutoka nguzo hii hadi ya pili, kisha pole hadi ya tatu au ya nne, kisha tena. Mara moja kwa wiki, dakika ishirini kwa jumla. Barabara isiyo na nguzo, tumia dakika: moja ya haraka, mbili za pole.

Kuna mazoezi madogo zaidi ya hayo ambayo karibu kila kocha anayataja na karibu kila mwanafunzi anayaruka. Baada ya mbio nyepesi, kimbia sekunde 20 kwa kasi nzuri isiyo ya kukaza meno, pumzika hadi pumzi irudi, rudia mara nne hadi sita. Hayachoshi. Yanaufundisha mwili kunyanyua mguu haraka na kukaa wima. Hayo tu.

Je, wajua nani alihesabu hatua za wana-Olimpiki? Jack Daniels, kocha Mmarekani, alikaa kwenye viti vya watazamaji mjini Los Angeles mwaka 1984 akihesabu. Karibu wakimbiaji wote wa masafa marefu walikuwa wakipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Tangu hapo namba hiyo imegeuzwa amri, na watu wa mwendo wa dakika 8 kwa kilomita wanajilazimisha kuifikia. Hakuna haja, maana wale walikuwa mashindanoni na walikuwa wakienda mbio. Lililo na maana kwako ni hili: kama mguu unatua mbali mbele ya mwili, kisigino kinagonga chini na kukuvunja mwendo kila hatua. Fupisha hatua kidogo, ziongeze idadi kidogo, na mguu utue chini ya nyonga.

Je, wajua kwamba Machi au Februari ukiwa Moshi, kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro, saa yako inaweza kukudanganya mwanzo hadi mwisho? Nusu ya kwanza njia inapanda kuelekea Mweka, nusu ya pili inashuka kurudi mjini. Anayeng'ang'ania mwendo wake wa tambarare kwenye kupanda anaumaliza mwili kabla ya kugeuza. Pale kimbia kwa pumzi, si kwa saa. Acha kilomita za kupanda ziwe nzito, utalipwa kwenye mteremko, ingawa mteremko nao una bei yake: misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, na kazi hiyo huichana kuliko kupanda. Kwa hiyo kabla ya kwenda Moshi fanya mazoezi ya kushuka pia. Wengi hupanda mlima mazoezini, kisha wanarudi kwa kutembea.

Sasa joto, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu msomaji wa Dar, Mombasa, Unguja au Muscat anadhulumiwa na kila jedwali la mwendo lililoandikwa na mtu wa nchi ya baridi. Mwezi Septemba 2019, mashindano ya dunia yalifanyika Doha, na marathoni ya wanawake ilianzishwa dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kukwepa jua. Haikusaidia sana. Joto lilikuwa juu ya nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mzito. Walianza 68, wakamaliza 40. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia 2:32:43. Januari ya mwaka huohuo, Dubai, asubuhi yenye ubaridi, alikuwa amekimbia 2:17:08. (Kufungiwa kwake mwaka 2025 kwa matumizi ya dawa ni habari nyingine.) Mtu yuleyule, mwaka uleule, zaidi ya dakika 15 zimeliwa na hewa. Na kama umezishika hesabu za juu, umeona kwamba ule muda wake wa Dubai wa marathoni nzima ndio muda wa nusu marathoni wa mtu wa 6:30, hadi sekunde.

Sababu ni rahisi. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Hewa ya pwani imeshajaa mvuke, jasho linadondoka chini bila kukauka, na moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi. Misuli inapata iliyobaki. Kwa mwendo uleule, mapigo yanapanda. Anayejipima kasi yake saa nne asubuhi Kigamboni anajidhulumu tu. Kimbia kabla ya jua, au kubali kilomita yako iwe ndefu kwa nusu dakika na usiilipie kisasi. Habari njema ni kwamba mwili hulizoea joto ndani ya siku kumi hadi kumi na nne hivi, ukiulea.

Mwinuko nao hupunguza mwendo. Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,800. Mtu wa Tanga akienda Nairobi kwa mashindano asitegemee mwendo wake wa Tanga.

Je, wajua kwamba kilomita ya kwanza ndiyo inayoharibu muda wako, wala si ya mwisho? Mwezi Oktoba 2023, Mkenya Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago kwa 2:00:35, nusu ya kwanza ilimchukua 60:48 na ya pili 59:47. Alikuwa na haraka zaidi akiwa amechoka zaidi, na hiyo ndiyo sahihi ya mtu aliyegawa nguvu zake vizuri. Mtanzania anaweza kunijibu kwamba Filbert Bayi alitoka mbele tangu risasi ilipolia Christchurch mwaka 1974 na akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.2. Kweli kabisa, na ilikuwa raha kuu. Lakini zile zilikuwa mita 1,500, na yule alikuwa Bayi. Kwenye nusu marathoni ya mtaani, wanaotoka kama Bayi utawakuta kilomita ya nane wameshika kiuno.

Anayetaka mfano wa uvumilivu amtazame Mtanzania Alphonce Simbu. Kwenye marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na picha ya kumalizia ikampa Simbu dhahabu kwa sekunde 0.03. Fainali ya mita 100 ya wanaume kwenye mashindano yaleyale iliamuliwa kwa pengo kubwa zaidi, sekunde 0.05. Fikiria mtu amekimbia zaidi ya saa mbili na bado ana kitu cha kutoa kwenye hatua ya mwisho kabisa.

Na John Stephen Akhwari? Kila mtoto wa Tanzania amesikia alivyoumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na kumaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika. Wachache wamewahi kugawa muda wake. Ni 3:25:27, yaani dakika 4 na sekunde 52 kwa kilomita. Ameanguka, goti limefungwa bandeji, yuko mita 2,240 juu ya bahari, na bado ana mwendo ambao wengi wetu hatuupati tukiwa wazima kwenye kilomita tano.

Je, wajua ugali ni chakula cha mabingwa bila utani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima vyakula vya wanariadha kumi wa Kalenjin kambini na kukuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari ya chai. Hakukuwa na unga wa kopo. Wanga huhifadhiwa mwilini kama glikojeni, kwenye misuli na ini, na akiba hiyo kwa wengi huanza kuisha mahali fulani baada ya kilomita 30. Kwa hiyo nusu marathoni unaweza kuimaliza kwa akiba ya nyumbani. Marathoni nzima hapana, lazima ule njiani, na kula huku unakimbia ni mazoezi ya peke yake.

Chai hiyohiyo ina tabu moja. Ikinywewa pamoja na chakula hulizuia tumbo kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha. Mkimbiaji, hasa mwanamke, akipungukiwa chuma mwendo hushuka bila sababu inayoonekana na watu humwambia ni mvivu. Sogeza kikombe mbele kwa saa moja au zaidi, kamulia ndimu kwenye mboga. Uchovu ukizidi, nenda kapime damu, usiongeze mazoezi.

Kahawa kabla ya mbio husaidia kweli, kama saa moja kabla. Ijaribu kwanza siku ya mazoezi, karibu na choo.

Je, wajua kwamba kunywa maji kupita kiasi ni hatari, na walio kwenye hatari zaidi ni wakimbiaji wa taratibu? Kwenye Boston Marathon ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu. Waliokaa njiani muda mrefu na kunywa kila meza waliyoikuta ndio walioongoza. Kunywa ukisikia kiu. Kwenye joto la pwani kiu itakuja mapema yenyewe, huna haja ya kuitangulia kwa chupa nzima, tena maji mengi au juisi nyingi tumboni ndiyo inayoita kichomi cha mbavu.

Je, wajua kwa nini saa yako inasema umekimbia kilomita 21.4 wakati mbio ni 21.1? Njia hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kabisa unaowezekana, kona kwa kona, na wapimaji huongeza moja kwa elfu ili njia isije ikawa pungufu. Wewe unapita nje ya kona, unakwepa watu, unavuka barabara kufuata maji. Mita 300 za ziada kwa mwendo wa dakika 7 ni dakika mbili na sekunde sita. Kama umejipangia muda maalumu, lenga mwendo ulio mdogo kwa sekunde tano au sita kuliko hesabu inavyodai, na ushike ndani ya kona.

Raba mpya siku ya mashindano, hapana. Mafuta ya mgando kwenye mapaja na kwapa, ndiyo, hata kama huamini.

Kwa wanaotaka motisha ya aina nyingine, marathoni ya Lewa, Kenya, hukimbiwa tangu mwaka 2000 ndani ya hifadhi yenye vifaru na simba, helikopta zikizunguka juu na askari wa wanyamapori wakilinda njia. Ni mwinuko, ni vumbi, ni joto, na muda wako bora hautaupata pale.

Je, wajua kwamba maumivu ya misuli baada ya mbio hayafiki kilele chake siku ileile? Huja kati ya saa 24 na 72 baadaye, na ngazi za kushuka ndizo zinazouma kuliko za kupanda. Mashindano mengi ni Jumapili. Kama bosi anakupa ruhusa ya siku moja tu, omba Jumanne.